Gari Lisilokata Kona

Kisanduku kimetoka Dar kwa basi, kimefungwa kamba za katani,
na juu yake Shija ameandika: Dada, usile, si biskuti.
Ndani kuna Landrova, vipande mia na kumi na vinne,
vimeshikana kwenye vijiti kama dagaa wa kubanika.
Ukiunga kwa kufuata karatasi, unapata Landrova ya kila mtu:
ya daktari, ya padri, ya bwana misitu.
Mimi sitaki hiyo.

Nataka ile iliyokuwa ikilala banda la reli hapa Tabora,
iliyovuliwa matairi ikavishwa chuma,
ikapita juu ya reli kwenda Kaliua, Ugalla, Mpanda,
mkaguzi kushoto na daftari lake la misumari iliyolegea,
baba yangu, Mihayo, kulia.
Zilikuwa mbili tu. Moja iliuzwa chuma chakavu.
Ya pili, kila ninayemwuliza anatazama pembeni.

Kazi yangu ni meno. Kitete, chumba cha nyuma,
nawatengenezea watu wanaoyatamani mahindi ya kuchoma.
Kwa hiyo vifaa ninavyo: nta, plasta, kidrili,
na akriliki ya waridi, rangi ya ufizi.
Gurudumu la kwanza nililichonga kwa nta, umeme umekatika,
nikaligandishia kifungo cha suruali kiwe mdomo,
maana gurudumu la reli lisilo na mdomo huanguka.
Asubuhi nikamimina. Yakatoka manne,
yakanichekea mezani kama vibogoyo.

Halafu hesabu. Reli yetu ni mita moja.
Igawe kwa ishirini na nne:
milimita arobaini na moja, na punje.
Ekseli za kisandukuni ni ndefu, zimezoea barabara.
Nilizikata, zikawa fupi mno.
Nikatukana. Paka akatoka nje.
Nyingine nimezikata kwenye sindano ya kufumia.

Picha ninayo moja, nayo ilipigwa kwa kushoto.
Upande wa baba wote hauonekani.
Nikaenda Cheyo kwa mzee Sizya, aliyekuwa akipanga mataruma,
nikamwekea bodi gotini, tupu, bila rangi.
Akaipapasa, akanyamaza, akakohoa.
"Hapa palibonyea. Ngiri. Karibu na Ugalla.
Baba yako alipiga honi hadi honi ikachoka.
Kwenye reli humkwepi mtu."

Na usukani? nikauliza. Nilikuwa nimeshautupa kando;
gari la reli litaugeuzia wapi?
"Ulifungwa kwa mnyororo na kufuli ya stoo,
ufunguo anao mkaguzi.
Lakini Mihayo aliushika kutoka Tabora hadi Mpanda,
mikono miwili, na kila penye pindo aliinama na mwili.
Tulimcheka, tulimcheka sana.
Siku moja akanijibu: Nikiuachia, nalala."

Miaka kumi na tisa.
Na nyumbani yeye ndiye hakujua kunyoosha:
sokoni alikwenda kwa njia ya Ng'ambo,
msibani kwa njia ya Isevya,
akirudi viatu vimejaa mchanga, anapiga mluzi.
Tulidhani ni umbeya.

Nimeurudisha usukani,
kulia, ingawa tundu la kiwandani liko kushoto.
Mnyororo umetoka kwenye hereni yangu iliyopoteza mwenzake.
Bonyeo nimelitia kwa mgongo wa kijiko cha moto;
plastiki ikanuka hadi uani,
jirani akauliza, Kalunde, unachoma nini?
Ngiri, nikamwambia.

Rangi bado. Sizya anasema kijivu.
Mama anasema kijani, na yeye ndiye aliyefua ovaroli.
Naiacha na waridi lake wiki hii,
imesimama juu ya rula mbili, karibu na meno ya mama Nyamizi
ambaye hajaja kuyachukua tangu Pasaka.

Matairi ya mpira yamebaki manne, mapya,
hayajawahi kugusa vumbi.
Nimeyaweka kwenye kiberiti.
Nikikitikisa, yanagonga kila upande.