Mwaka wa Moto, Mwaka wa Tunda

Mche wenyewe haufiki goti.
Ukitaka tunda lake, inama;
hakuna aliyewahi kuangua bluberi kwa upembo.

Huku Maine, jirani na bahari ya baridi,
udongo ni mchachu, mawe tele.
Mahindi yaliukataa, ngano ikaukimbia,
mche huu ukasema: hapa hapa pananitosha.
Huuchoma. Mwaka wa moto, kisha mwaka wa tunda;
mizizi chini hujikausha
kama haijasikia lolote.

Agosti, Mali Sapier hushuka kutoka Kanada
na reki ya baba yake, meno sitini ya bati.
(Kwao Mali ni Mariamu tu. Utajiri haumo.)
Kamba mbili nyeupe humpimia njia,
naye husukuma, huinua, huuachia upepo majani,
sanduku juu ya sanduku,
mgongo ukizoea kuwa upinde.

Ukilishika moja, usilipanguse kwanza:
lina ukungu, kama kioo kilichohemewa,
na kichwani nyota ya ncha tano,
kovu la ua.
Ling'ate. Ndani si buluu.
Buluu yote imo gandani.

Mjini huuzwa kwenye vikasha,
na karatasi imeandikwa: moyo, macho, kumbukumbu.
Mali hucheka kwa pua. "Kumbukumbu!"
Mumewe Piel yumo garini, dirisha limeshushwa;
asubuhi amemwamkia kama mgeni,
akamuuliza kwa adabu kama ametoka mbali.
Miaka mitatu humpa kikombe kila alfajiri.
Daktari alisema hayadhuru.
Hakusema zaidi.

Saa tisa, jua la utosi limepita,
mlango wa gari ukafunguka.
Piel akaja kati ya kamba,
akaokota reki iliyolala,
akainama, goti moja mbele,
kiwiko kikaegemea paja kama wafanyavyo wa zamani,
na kifundo cha mkono kikazunguka
ule mzunguko mdogo usiojeruhi jani.

Mjukuu alitoa simu apige picha.
Mali akamzuia kwa jicho,
akasogeza sanduku tupu.

Alijaza moja na nusu.
Kisha akauliza matunda haya ni ya nani.
"Ya kampuni," akasema Mali, ulimi zambarau,
"ila haya ya mdomoni
ni yetu."