Fomu ya Vifaa

Afisa anauliza: somo la Kilatini hapo Igombe lina vifaa gani?
Kitabu kimoja, najaza. Wanafunzi thelathini na mmoja.
Mchwa waliila Karthago kabla Warumi hawajafika.
Ramani ya Roma ni ya mkaa, ukutani;
vuli ikivuja, Mto Tiberi hufurika kweli.

Penye "mengineyo" pamebana. Nabana mwandiko:
tuna meza, iliyozaliwa *mensa*, ikalelewa na Mreno.
Tuna shule, katuachia Mjerumani,
naye *schola* aliiokota njiani.
Tuna Julai na Agosti, wakubwa wawili wa Roma,
wametundikwa dukani kwa Shigela
wanalinda madeni ya sukari.

Jana Nkwimba, vidole vikinuka dagaa:
"Mwalimu, hao Warumi walijua ziwa letu lipo?"
Walitumwa watu kutafuta chanzo cha Nili, nikamwambia.
Matete yakawashinda, wakarudi.
Akachungulia dirishani, maji yanapiga mawe,
akacheka peke yake:
"Kumbe sisi tulishafika."

Hilo nalo, Afisa, nimelihesabu.

Upungufu: chaki.