Punguza Kuni

Waliniita shuleni Jumanne, saa nne,
mikono yangu ina mawese mpaka viwikoni.
Shauri nililijua: Gwassa kampiga mwana wa Nyabenda,
kamtoa damu puani
kwa ajili ya rula iliyovunjika.
Njia nzima, kupanda kilima cha Mwandiga,
nilikuwa nachagua fimbo kwa macho:
huu mpera, ule mlonge, huu utakatika mapema.

Mwalimu Zuwena hakunipa fimbo.
Alinipa kigoda cha darasa la pili,
magoti yakanifika kidevuni,
nikawa mtoto wa tatu mle ndani.

"Gwassa," akasema, "kabla mkono haujainuka,
hasira ilikuwa wapi?"

Nikataka kucheka. Hasira ina makazi?
Ina mjumbe wa nyumba kumi?
Lakini mwanangu alifikiri, kweli alifikiri,
kama mtu anayepapasa sarafu mfukoni,
akaweka kiganja chini ya chembe ya moyo.
"Ilianzia hapa. Ya moto. Ikapanda."
"Ilipofika shingoni?"
"Shingoni sikuiona ikipita.
Niliiona tu ilipofika kwenye ngumi."

Miaka minane namwogesha,
nalijua kovu la goti, nalijua jino lililochelewa.
Hilo sikulijua.

"Na wewe, Mama Gwassa, ikipanda unafanyaje?"

La hasira sikuwa na jibu. Nilikuwa na la mawese.
Nikasema: mafuta yakifoka jikoni
mjinga hukimbilia kifuniko.
Kifuniko kitaruka, moto utalamba mafuta,
na paa litafuata.
Anayejua huchomoa ukuni mmoja.
Anangoja. Halafu mwingine.

Mwalimu akashika chaki, akaandika ubaoni
maneno yangu, mimi niliyeishia la nne:
PUNGUZA KUNI.

Usidhani yaliisha pale.
Mwana wa Nyabenda aliikataa samahani ya Jumanne,
na ya Jumatano akaitupa mtaroni
pamoja na kipande cha muwa kilichoisindikiza.
"Halazimiki kupokea," mwalimu akamwambia wangu.
"Umeleta. Sasa kaa nayo."
Alhamisi waliazimana kifutio, bila neno.
Ijumaa wakagombana tena, juu ya goli,
lakini kwa midomo tu, na goli lenyewe
hata mimi naambiwa halikuwa goli.

Jumamosi ikaja zamu yangu.
Baba yake karudi kutoka Kibirizi
bila dagaa, bila senti, bila maelezo,
na Gwassa, akipita na mpira wake wa makaratasi,
akapiga teke dumu.
Lita tano. Sakafu nzima nyekundu.
Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijauita.

Hakukimbia. Alijikunyata pale pale,
akauliza kwa sauti ndogo:
"Mama, imefika wapi?"

Mkono ukabaki hewani
kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.
Shingoni, nikasema. Imefika shingoni.
"Basi chomoa mmoja."

Nikatoka nje. Nikahesabu michikichi ya jirani,
kumi na mmoja, nikarudia, kumi na mmoja.
Ziwa lilikuwa kule chini, jeupe,
halinisaidii kitu.

Niliporudi neno lilinikwama kooni
kama mwiba wa mgebuka,
maana kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi;
mama yangu hakuniomba, naye hakuombwa na wake,
na sote tulikua, tukafunga midomo, tukaita heshima.
Nikalimeza mara mbili.
Mara ya tatu likatoka, limechubuka:
Nisamehe, mwanangu.

Alikuwa amepiga magoti, anafuta mafuta kwa majivu.
Akanitazama kitambo,
akarudi kwenye kazi yake.
"Nitafikiri," akasema.
"Mpaka Alhamisi."