Siku ya Pili Bila Breki

Mwalimu Ntakwinja akisema swichi
sote tunatazama ukutani,
palipobaki tundu na nyaya mbili.
"Si hiyo," anacheka. "Hii imo ndani ya mashine:
unaipa namba, nayo inachagua mlango."

Zoezi: toa namba, upate jina la siku.
Nikadhani mchezo wa watoto.
Kwetu Bukavu siku zenyewe ni namba,
siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu,
mpaka posho, mpaka yenga.
Nani asiyejua kuhesabu hadi posho?

Nikaanza kwenye daftari,
maana umeme wa Kadutu huja saa tano usiku
na huondoka bila kuaga.
Ikiwa moja, nukta pacha. Ikiwa mbili, nukta pacha.
Taa iliposhtuka nikawasha kompyuta
tunayogawana watu wanne, betri ilikufa zamani,
herufi P imeng'oka:
naidunga kwa ncha ya kalamu
kila nikitaka posho.

Nikabonyeza mbili.
Ikajibu: siku ya pili.
Siku ya tatu. Siku ya nne. Siku ya tano. Posho. Yenga.
Juma zima likaporomoka kwenye kioo
kama lori la bia mteremkoni,
watu wanarukia mifereji.

Nilisahau lile neno fupi la kufunga kila mlango.
Mwalimu hulitamka kama breki,
nasi hatumsahihishi.
Linaiambia mashine: umefika, shuka.

Nikaziweka, moja moja.
Mama, nyuma yangu, kitanda ni hichohicho:
"Unahesabu nini saa hizi?"
"Siku."
Akajigeuza. Chaga zikalia.
"Cishugi aliondoka siku gani vile?"

Siku ya pili, mama.
Kamituga, kwenye mashimo ya dhahabu.
Alisema atarudi posho.
Posho ipi, hakusema.

Chini kabisa kuna mlango wa mabaki,
wa namba isiyo kati ya moja na saba.
Wenzangu wote wameandika: umekosea.
Mimi nikabaki na kalamu hewani.
Umekosea? Nani?

Umeme ukaenda.
Sikuwa nimehifadhi hata mstari.
Basi nikazirudia kwa mdomo gizani,
polepole, mama asikie, pamoja na breki zake:
siku ya kwanza, simama.
Siku ya pili,