Breki ya Pazi

Mteremko wa Bonyokwa, mvua imetoka kukatika.
Madumu kumi na manne ya maji, mkokoteni mmoja
unaotaka kufika bondeni kabla ya mwenyewe.

Pazi hashindani na uzito.
Anaulalia kwa mgongo, makatambuga yanasaga changarawe;
kipande cha tairi alichokifunga kwa kamba
kinaburuzika nyuma, kinalia, kinanuka kuungua.

Siwatu yuko kando, daftari kwapani:
"Baba, mwalimu kasema msuguano ni kani inayopinga mwendo."

"Mwambie nimemsikia," anajibu, ameuma meno.
"Kesho aje na rula
apime soli hizi."

Bondeni maji yametulia,
hakuna dumu lililofumuka.
Tone moja tu limedondoka,
la kidevuni mwake:
lilijiendea ardhini
pasipo msukumaji.