Upepo Haubishi Hodi

Mama mkwe ameziba nyufa za dirisha
kwa magazeti na uji wa wali.
Nje ni mwezi wa sita, Meizhou inatokota,
mabalungi mitini yametosha ngumi ya mtoto,
nami humu ndani nimevaa soksi mbilimbili
na kofia ya sufu,
jasho likinishuka mgongoni polepole
kama mwizi anayepapasa ukuta.

"Upepo haubishi hodi," asema Guizhen.
"Mzazi ni nyumba iliyoachwa milango wazi.
Ukikuingia leo, kodi utailipa uzeeni."

Siku ya kwanza: kuku, tangawizi, mvinyo wa mchele.
Siku ya pili: kuku.
Siku ya tisa nilimwota jogoo
amesimama miguuni pa kitanda
akiniulizia wake zake.

Nisiguse maji baridi. Nisisome, macho yataota ukungu.
Nisioge kichwa mpaka mwezi utimie.
Nisilie pia; na hilo ndilo lililonishinda,
kwa maana supu ya uzazi haitiwi chumvi
na kitu fulani kilibidi kiikoleze.

Mume wangu yuko Shenzhen. Nilimpigia.
"Yunxiu, msikilize mama," akasema,
kisha mtandao ukakatika, sura yake ikaganda
mdomo wazi,
nikaitazama muda mrefu kuliko nilivyomsikiliza.

Usiku wa kumi na tisa nywele zangu
zilinuka maziwa, mafuta ya ufuta, na mimi.
Balungi alikuwa amelala
(mtoto hana jina bado, namwita hivyo kimyakimya).
Nikanyata hadi bafuni, nikafungua bomba uzi mwembamba,
maji ya moto, moto wa kuunguza,
maganda ya tangawizi nikayatupia ndani
ili nikikamatwa niwe na la kujitetea.
Loo! Yale maji yaliposhuka kisogoni
nilikumbuka kwamba nina kisogo.

Nilipoinua kichwa alikuwa mlangoni.
Sikusikia nyayo.
Yeye pia habishi hodi.

Nikangoja radi. Haikupiga.
Aliniketisha kwenye kigoda cha plastiki,
akachomeka mashine ya kukaushia,
akaanza, shungi kwa shungi, tangu mizizi,
na kila baada ya shungi mbili tatu
akihamisha mashine mkono wa kushoto,
maana kiwiko cha kulia kinakunjika
ila kifundo chake kimegoma kabisa.

"Kilikuingiaje?" nikauliza, nikiukwepa upepo kwa jina.

Alizima mashine.
"Mwaka ule, siku ya nane, filimbi ya kikosi ililia.
Miche ya mpunga ilikuwa inangoja, maji magotini.
Mama mkwe wangu alishakufa.
Hapakuwa na wa kunikataza."

Akaiwasha tena.

Daktari wa mjini, kijana mwenye kucha safi,
aliniambia oga, mama, fungua dirisha, tembea.
Namwamini. Sijui kama ni upepo
au ni miaka arobaini na mitano ya kukamua mashuka
iliyokaa katika kifundo kile.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husemwa;
na uchungu wa mzazi, je,
unaandikwa daftari gani,
mbali na kofia ya sufu
anayovishwa mkazamwana mwezi wa sita?

Alinivisha kofia. Akaivuta mpaka masikioni.
"Wala usirudie," akasema.

Asubuhi, bakuli. Kuku.
Nikamnyoshea kijiko cha kwanza.
"Mimi si mzazi," akasema.
"Umechelewa kidogo tu," nikamjibu. "Kula."
Akasita. Akala amesimama,
kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akala tena,
akinung'unika kwamba mvinyo umezidi.

Pembe moja ya gazeti ilikuwa imebanduka.
Ilipepea kidogo, ikatulia, ikapepea.
Tuliiona sote wawili.
Hakuna aliyeinuka.