Kutu Hujibu kwa Tatu

Nimepanda ghorofa nne na sanduku begani,
theluji ya Riga ikiyeyuka ndani ya kola.
Bi Mirdza amefungua kabla sijabisha.
Anauza nyumba. Mnunuzi ni mwanasheria,
anataka kuta zisizo na masikio
na cheti chenye mhuri.

Chombo changu kina umbo la fagio,
kichwa bapa kama kisahani.
Narusha wimbi ukutani, nangoja.
Tofali halina la kusema. Mbao ni bubu.
Lakini kifaa, hata kilichokufa,
hata kisicho na betri tangu enzi za foleni za mkate,
hulirudisha wimbi maradufu.
Kukaa kimya hakukuwekwa ndani yake.

Kutu nayo hujibu, ila kwa tatu.
Misumari, springi za kochi, mabomba:
yote yana kimbelembele.
Basi nagonga ukuta kwa nyundo ya mpira,
na kutu hubabaika, hubadili maneno,
shahidi wa uongo aliyeulizwa mara ya pili.

Sebuleni, msumari.
Chumbani, saa ya marehemu Arvids, ndani ya droo.
Jikoni, shubiri moja kutoka kwenye bomba,
taa zimewaka.
Nagonga. Jibu ni lile lile.
Nagonga tena.

Nimekwangua rangi ya kijani, chini yake krimu,
chini yake samawati ya mwaka waliohamia,
hadi kidude kama kifungo cha koti
kikachungulia na nyaya zake mbili.

"Kinasikia?"
"Hapana. Kimekufa zamani.
Na waliokuwa wakisikiliza wamezeeka mahali,
pengine nao hawasikii."

Akakaa. Akasema Arvids
alikuwa haneni neno jikoni humu
bila kwanza kufungua maji.
Bei ya siagi, maji. Jina la padri, maji.
Nakupenda, maji, kwa miaka kumi na tisa,
nami nikamwita mwoga mbele ya dada zake.
Akacheka kidogo, akaacha.

Nikaandika: kimoja, jikoni, hakifanyi kazi.
Nikauliza, nikitoe au nikizibie humo humo?

Bi Mirdza aliinuka,
akanyoosha mkono juu ya sinki,
akafungua bomba hadi mwisho,
ndipo akaniinamia sikioni.